Mama Hakuwa na Tarehe

Mama alikata roho Jumanne saa tisa alasiri. Ilipofika saa kumi na moja, maji ya kumwosha hata hayajachemka, mwanawe wa kiume alikuwa ameshauliza swali lake.

"Alikiri?"

Dobi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anamfunga marehemu kidevu kwa kitambaa cheupe kabla taya halijakaza. Yeye ndiye binti wa nyumba ile. Jina la Dobi alilirithi kwa mama, pamoja na mabeseni sita, pasi mbili za mkaa na mgongo uliogoma kunyooka asubuhi. Aliyesimama mlangoni, begi bado begani, ni kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Katibu kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu ya kanisa. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka mkutano wa injili wa mji wa pili, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuhubiri.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alikiri au hakukiri?"

"Aliomba maji, nikampa. Akaniambia foronya za hospitali zipigwe pasi kabla ya Alhamisi. Basi."

"Sijauliza habari za foronya."

"Ndiyo maneno aliyoyasema. Ungekuwepo ungeyasikia."

Hilo lilimpata. Katibu alikaza uso, akatazama dari. Pembeni, Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, mwanamke mnene asiye na haraka na jambo lolote, alikuwa akikunja blanketi.

"Mwache dada yangu apoe kwanza," alisema. "Hata askari wa barabarani humsimamisha mtu akiwa bado anatembea."

Swali lenyewe halikuwa la bure. Kanisa lao halikumhesabu mtu kwa ubatizo, wala kwa kuja, wala kwa kutoa. Lilimhesabu kwa tarehe. Kila aliyekiri akaokoka alikuwa na siku yake, mwezi wake na mwaka wake, vikiwa vimeandikwa kwa wino katika daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, na kila ushuhuda ulianzia hapo. Mtu angeweza kusahau siku aliyozaliwa mwanawe, lakini tarehe yake ya kuokoka aliitaja hata ukimwamsha usingizini.

Mama hakuwa na tarehe. Miaka arobaini alikaa benchi la tatu upande wa dirisha, alifua majoho ya kwaya na vitambaa vya meza ya Bwana bila kuombwa, akawafulia wagonjwa ambao hata ndugu zao waliyashika mashuka yao kwa fimbo. Kilichosahaulika mfukoni mwa nguo alikirudisha, kiwe ufunguo, kiwe barua. Kifungo kimoja cha shati alikipeleka kwa miguu hadi ng'ambo ya reli, mvua ikinyesha. Lakini akiulizwa ameokoka lini, alijibu vilevile siku zote: "Mungu namjua tangu sijaota meno ya pili. Nikisema nilianza kumjua mwaka fulani, si nitakuwa namsingizia?"

Wazee wa zamani walicheka, wakamwacha. Mchungaji wa sasa hakucheka. Alipofika alikuta uwanja wa makaburi nyuma ya kanisa umebaki kipande, akaweka sheria: hapo watalala wenye tarehe tu. Wengine waende makaburi ya mji, mwendo wa saa nzima kwa gari, ambako kaburi lako ni namba kwenye kipande cha bati. Na mama alikuwa na haja moja tu na uwanja ule. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliyekufa akiwa na miezi minane, amelala pale kwenye ukuta, tangu enzi za kabla ya sheria. "Mnizike kwa mwanangu," alikuwa akisema. "Baba yenu mwacheni huko huko upande wa lango, tusije tukaanza upya."

Baba alikuwa upande wa lango kwa haki kabisa. Yeye alikuwa na tarehe tatu.

*

Jumatano asubuhi Dobi aliwasha pasi. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya nyumba, kuta zimevimba kwa mvuke, kamba nne zimekatiza kutoka pembe hadi pembe. Alimaliza foronya za hospitali kwanza, kama alivyoagizwa, kisha akalitandaza gauni la kumzikia mama. Alikuwa kwenye mkono wa kushoto wa gauni Katibu alipoinama chini ya kamba ya kwanza na kuingia. Alikuwa amevaa suti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unadhani namchukia," alisema.

"Sidhani. Nakuona."

"Nampenda kuliko wewe. Wewe umemsifia mpaka amekufa. Mimi nilimwambia ukweli. Haki yetu sisi wanadamu, mbele za Mungu, ni nguo chafu. Si mimi niliyeyaandika Maandiko."

Dobi aliiweka pasi kwenye bati lake. "Nguo chafu unamwambia nani, kaka? Nguo chafu mimi naijua kwa harufu. Naijua ya mgonjwa, ya mlevi, hata yako naijua. Sijaona hata moja iliyotakata kwa sababu mwenyewe ameamini."

"Na umeona ngapi zilizojifua?"

Dobi akanyoosha kunjo la gauni kwa kiganja.

"Nijibu. Umeona shuka lililoruka kutoka kapuni, likaingia kwenye beseni, likajisugua, likajianika? Shuka hufuliwa. Kazi yake ni kukubali kushikwa. Hilo tu ndilo nililomwomba mama miaka yote. Akubali. Akakataa."

Ilikuwa hoja nzuri, na kilichomuudhi Dobi ni kwamba ilikuwa nzuri. Aliichukua pasi, akaikandamiza kwenye kola ya gauni kuliko ilivyohitaji.

"Haya. Na baba? Baba alifuliwa mara tatu, akarudi matopeni kabla hajakauka. Mkono wa mama ulivunjika baada ya tarehe ya pili. Nilikuwa chini ya meza, nilikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nje, nimejificha."

"Basi baba yuko wapi sasa?"

"Yuko na Bwana. Alikiri."

"Na aliyevunjwa mkono?"

Machozi yakamtoka Katibu, hakuyafuta. "Unafikiri nafurahia?" alisema. "Unafikiri nimelala? Nimekuja kukuomba ukumbuke vizuri. Neno moja tu. Hata kama alinong'ona. Sheria inasema aliyekiri kitandani atolewe ushahidi na mtu mmoja aliyekuwepo, aweke sahihi. Mchungaji anatungoja saa nne."

"Unaniambia niseme uongo."

"Sijasema hivyo. Usiniwekee maneno mdomoni. Mama mwenyewe asingetaka uongo, na mimi siutaki. Nataka ukweli uwe mwingine, basi." Akageuka, akaikwepa kamba vibaya, shuka bichi likampiga usoni. Alilisukuma kwa hasira kama mtu aliyetukanwa, akatoka.

*

Ofisi ya kanisa ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vitatu na msumari mrefu ukutani, ambapo majoho ya kwaya yalining'inia. Dobi aliyatambua. Wiki mbili zilizopita ndiye aliyeyatia wanga, mama akimwelekeza kutoka kitandani. Mchungaji, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, alimpa pole, akamwekea kiti. Katibu alikaa upande wa pili wa meza, daftari wazi mbele yake, kalamu mkononi.

"Dada yetu," Mchungaji alisema, "mama tulimpenda sote. Lakini mimi siwezi kuwa na mizani mbili. Juzi tu nimewakatalia watu wa mtaa wa juu mzee wao. Kwa hiyo nakuuliza mbele za Mungu, wewe uliyekuwa naye saa ile. Alikiri?"

Dobi alimtazama kaka yake. Kaka yake hakumtazama. Nje, dirishani, aliuona ukuta wa nyuma na kijilima kidogo ambacho nyasi zake mama alizikata kila Jumamosi kwa mkasi wa kitambaa.

Alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njiani moja baada ya jingine, ya kuwaambia hao wawili na daftari lao. Alipofungua mdomo yalitoka mengine.

"Alikiri," alisema.

Kalamu ilianguka.

"Alisema nini?" aliuliza Mchungaji.

Hilo halikuwa gumu. Sala ya kukiri aliisikia kila Jumapili tangu utotoni, aliijua kama alivyojua hatua za kufua: loweka, sugua, suuza, kamua. Akaitamka yote, pole pole, kwa sauti ya mgonjwa, na akaongeza kwamba mama alimshika mkono. Lile la mkono lilikuwa kweli.

Wakamsogezea daftari. Akatia sahihi.

Katibu aliinuka, akaizunguka meza, akamkumbatia. Hawakuwa wamekumbatiana tangu ndoa ya Katibu, na pale pia ilikuwa kwa ajili ya picha. Alilia begani kwake kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. "Ahsante," alisema. "Mdogo wangu, ahsante. Leo nitalala." Dobi alisimama mikono ikining'inia, akimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja.

*

Mazishi yalikuwa Ijumaa saa saba. Kanisa lilijaa mpaka veranda. Wauguzi walikuja na sare zao, mafundi wa reli walikuja, na yule mwenye kifungo cha shati alikuja pia, mzee sasa, na kofia mkononi. Dobi aliketi benchi la mbele na Mama Mdogo. Alijiambia kwamba ni saa mbili tu. Wataimba, wataomba, watamlaza mama kwa mwanawe, na ule uongo utafukiwa naye.

Hakujua kwamba kaka yake ndiye atakayehubiri.

Katibu alipanda mimbarini na sura ya mtu aliyekula akashiba. Hakuanza na mama mwema. Alianza na mama aliyepotea.

"Miaka arobaini," alisema, "aliketi benchi lile pale akiwa amepotea. Alisikia neno, akalikataa. Mlimwona mwanamke wa haki. Mlisema, yule mama hana baya. Nami nawaambia, ule wema wake wote, kila shuka alilofua, kila kitu alichorudisha, ungempeleka motoni moja kwa moja kama ungebaki peke yake."

"Amina," watu walisema.

"Alijivunia mikono yake. Siku ya Jumanne, saa nane, ile mikono ikafunguka. Saa moja tu ilikuwa imebaki, wapenzi. Saa moja ya neema imefuta miaka arobaini ya kiburi."

"Amina."

Mkono wa Mama Mdogo ulimshika Dobi juu ya goti. "Dada yangu hakusema yale maneno," alinong'ona. "Nikatwe kichwa kama aliyasema. Nilikuwa jikoni, lakini namjua."

"Nyamaza, Mama Mdogo. Shimo bado liko wazi."

Mama Mdogo alimtazama, akaelewa. "Basi jikaze kisabuni, mwanangu," alisema. "Jikaze."

Dobi alijikaza. Katibu alishuka mimbarini, akatembea kati ya mabenchi, akawauliza watu wangapi walikuwa kama mama yake, wanaotegemea usafi wao wenyewe. Akamwuliza yule mzee mwenye kofia jicho kwa jicho. Wanne walikwenda mbele kukiri, na Katibu akaziandika tarehe zao palepale, jeneza likiwa limewekwa kando kama meza ya kuegemea. Wauguzi hawakwenda. Mmoja wao, aliyepokea mashuka ya mama miaka kumi na miwili, aliinuka akatoka nje, viatu vyake vikigonga sakafu hadi mlangoni.

Walimteremsha mama saa tisa na nusu, ubavuni mwa kijilima kidogo. Wachimbaji wawili walifukia haraka, kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu. Dobi alihesabu mapigo ya koleo mpaka akapotewa na hesabu. Mchungaji aliweka msalaba wa mbao. Kwaya iliimba ubeti mmoja. Ndipo Katibu aliponyoosha mkono kumwelekea, akitabasamu kwa machozi.

"Sasa dada yangu, aliyeyasikia kwa masikio yake, atatusimulia mama alivyokiri. Kwa ajili ya wale ambao bado mioyo yao ni migumu."

Dobi aliutazama udongo. Ulikuwa umeshindiliwa, na mmoja wa wachimbaji alikuwa ameukalia mpini wa koleo lake.

"Mama hakukiri," alisema.

Mtu alikohoa.

"Aliomba maji, akaniagiza foronya. Sala ile niliitunga mimi, na sahihi ile ni ya uongo. Niliitia ili alale hapa. Katibu anasema alikuwa amepotea. Mimi nimeishi naye tangu nizaliwe, na sikumwona amepotea siku hata moja. Aliyesema uongo katika nyumba yetu ni mimi, na ni juzi." Akamgeukia Mchungaji. "Sasa, Mchungaji, mmenifundisha kwamba anayetubu husamehewa palepale, bila kulipa kitu, bila kufanya kitu. Basi natubu. Mbele ya wote hawa. Nisameheni."

Mchungaji alikuwa amepauka. Watu walianza kusogea, wa nyuma wakiwauliza wa mbele amesema nini. "Hili si jambo la kuchezea," Mchungaji alisema.

"Sichezi."

"Umedanganya mbele ya daftari la kanisa. Utasimama kando. Miezi sita utakaa benchi la nyuma, meza ya Bwana hutaikaribia, majoho hutayagusa. Tukiona matunda ya toba, tutakurudisha."

"Matunda yapi?"

"Mwenendo wako, dada. Tutautazama mwenendo wako."

"Mwenendo," alisema Mama Mdogo kwa sauti ya kusikika. "Kumbe mnautazama."

Wauguzi wawili walicheka, kicheko kibaya, kifupi. Mchungaji akafunga Maandiko yake, akawaambia watu waondoke kwa amani. Hawakuondoka kwa amani. Waligawanyika palepale kaburini, wake kwa waume, wengine wakisema mama afukuliwe, wengine wakisema atakayegusa udongo ule ataanza kwa kuwafukia wao. Mwanakwaya mmoja aliwageukia wachimbaji, akawaambia washike makoleo.

"Sisi tuliitwa kufukia," alijibu yule aliyekalia mpini, wala hakuinuka.

Katibu alikuja sasa, akasimama karibu na Dobi kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Uliniambia yuko mbinguni," alisema. "Nimelala siku mbili. Siku mbili, tangu utoto wangu sijalala vile. Yuko wapi sasa?"

"Yuko palepale alipokuwa kabla ya sahihi yangu."

"Usinijibu kwa ujanja. Yuko wapi?"

Dobi alitafuta neno la kumchoma. Alikuwa nalo tangu kanisani, lile la jeneza na meza ya kuegemea. Lakini uso wa kaka yake ulikuwa wazi kabisa, kama wa yule mtoto aliyejificha nje mama akipigwa, na Dobi aliona kwamba neno lenyewe lilikuwa limeshafanya kazi bila kutamkwa. Alikuwa ameutoa uongo ule kama zawadi, kisha ameunyang'anya mbele ya watu mia tatu. Mama asingemsemesha wiki nzima kwa lile la kwanza. Kwa hili la pili, hakujua.

"Sijui, kaka," alisema. "Nisamehe."

"Sikusamehi."

"Unapaswa."

"Najua ninachopaswa. Sikusamehi. Kuanzia leo mimi sina dada." Akaufungua mkoba wake, akalitoa daftari, na hapo hapo, akilitegemeza kwenye paja, akaukata ule mstari wa Jumanne kwa kalamu mara moja, mara mbili, mpaka karatasi ikachanika. Kisha akaondoka, akipita katikati ya watu bila kuwaomba njia.

Uwanja uliisha watu taratibu. Mama Mdogo alikwenda kuwatafutia wachimbaji maji ya kunawa. Dobi alibaki, amepiga magoti, akisawazisha udongo kwa kiganja pale alipoona umekaa vibaya. Alitaka kumwambia Mungu jambo, lakini kila alipoanza alijikuta anataja kazi: amemtunza mama, amemwosha, foronya zimekwenda. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililosogeza lile jiwe kifuani. Akaacha kutaja. Akasema tu, mara kadhaa, kwa aibu, kwamba anaomba ahurumiwe.

Alisikia hatua. Katibu alikuwa amerudi. Alisimama ng'ambo ya kaburi, koti limevuliwa, mikono ameifungamanisha mbele, na midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Unafanya nini?" aliuliza Dobi.

"Namwombea."

Wote wawili walijua kwamba kanisa lao liliwakataza kuwaombea wafu. Katibu mwenyewe ndiye aliyefundisha darasani kila mwaka, kwamba pumzi ikishakatika, hakuna tena anayeweza kumfanyia mwenzake lolote.

"Kaka."

"Usinitazame," alisema.

Dobi akainamisha uso, akaendelea kusawazisha udongo.